Besi iko wapi? Uzoefu wangu na "...And Justice for All" ya Metallica

Hakuna besi. Hilo nalitanguliza, maana hata hayo mengine nitayasema huku limenikaa kooni. Metallica ni bendi ya Marekani ya metali, yaani roki nzito, watu wanne, mmoja wao mpiga gitaa la besi, jina lake limo kwenye jalada, picha yake imo, halafu unasikiliza nyimbo 9, zaidi ya saa nzima, na yeye hayupo. Sisemi besi iko chini. Besi ikiwa chini utaihisi kifuani hata kama sikio haliikamati. Hapa kifua kimetulia tuli.

Ndiyo, mimi mwenyewe napiga besi, kwenye kwaya ya kanisa. Kwa hiyo anayetaka kusema nina upendeleo, aseme. Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi tunajua kwamba besi ikinyamaza watu wanarudi kwenye viti vyao. Mpiga solo ndiye anayepigiwa makofi, lakini kiuno kinamtii mpiga besi. Metali haichezwi kwa kiuno, najua, lakini hata kichwa kinachotikiswa kinahitaji shingo.

Albamu ni ya 1988, na wanaoipenda metali wanaijua, sitawachosha. Niliisikia kwanza kwenye kanda ya kurudufu, na kanda ya kurudufu mtu huisamehe mengi. Mwaka 2018 bendi ikaitoa upya, imesafishwa. Nikasema aa, sasa wamekua, wana pesa, wana mitambo, watamrudisha yule bwana ndani ya nyumba. Juzijuzi hapa nikaagiza santuri zake mbili kupitia kijana mmoja anayeleta vitu hivyo mjini. Bei siitaji, mke wangu anasoma Kiswahili vizuri.

Nikaweka sahani ya kwanza. "Blackened" ikaingia na yale magitaa yanayotoka mbali kama yanarudi nyuma, nikanyanyua sauti, nikangoja. Ninangoja mpaka leo.

Nikampigia yule kijana. "Kaka, besi haisikiki." Hakuuliza wimbo gani wala mashine gani. "Mzee, ongeza besi kwenye ampu." Damu ikachemka. Hilo la mzee nililimeza. Lakini ongeza besi? Kile kitufe hakiwezi kuleta besi ambayo haimo! Ukikizungusha kinachovimba ni tumbo la magitaa ya James Hetfield tu. Na dramu ya mguu ya Lars Ulrich kwenye albamu hii haina hata tumbo la kuvimba. Ni kavu, tik tik tik, kama taipureta ya karani wa mahakama. Nikamweleza haya yote kwa utulivu (utulivu wangu). Akajibu kwamba wateja wengine hawajalalamika, akakata simu. Yaani mtu anauza muziki na hajui kilichomo ndani ya anachouza!

Basi nirudi kwa wenye kosa lenyewe. Septemba 1986 basi la Metallica lilipinduka barabarani Sweden, na Cliff Burton, mpiga besi wao, akafa. Huyo alikuwa mpiga besi ambaye ukisikia mwanzo wa "For Whom the Bell Tolls" unadhani ni gitaa la solo, kumbe ni yeye. Hata mwaka haukuisha wakamchukua Jason Newsted kutoka bendi ya Flotsam and Jetsam ya Arizona. Wenyewe wamekiri mara nyingi kwamba walimwandama kwa mizaha na dharau. Msiba haukuliwa vizuri, na mgeni ndiye aliyelipishwa.

Alipofika studio Los Angeles kurekodi albamu hii, aliingiza sehemu zake akiwa na msaidizi wa fundi tu, wenzake hawapo. Hakuna wa kumwambia hapa panda, hapa acha nafasi. Akafuata gitaa la Hetfield noti kwa noti, na gitaa lenyewe limejaa chini kiasi kwamba sauti mbili zilikuwa zinagombea kiti kimoja. Hilo nalikubali, ni tatizo la kweli la kifundi, na mtu akiniletea hoja hiyo namsikiliza. Lakini usiniambie ndiyo sababu yote. Steve Thompson, mmoja wa wawili waliochanganya sauti, amesimulia kwamba Lars alimtaka ashushe besi mpaka isikike kwa shida, na alipoishusha akaambiwa ashushe tena. Isikike kwa shida, halafu tena! Hiyo si ajali. Na anayedhani labda Newsted hakuweza, asikilize ile sahani fupi ya nyimbo za watu wengine waliyoitoa 1987, mwaka mmoja tu nyuma. Besi inanguruma pale, mtu yule yule, vidole vile vile.

Na kwenye toleo la 2018 wameacha vile vile. Wanasema historia isiguswe. Ni rahisi kuiheshimu historia pale ambapo wewe ndiye unayesikika.

Naandika haya sahani ikizunguka, kwa hiyo mnivumilie. Sasa hivi imepita ile iliyobeba jina la albamu, karibu dakika 10, maneno yake ni juu ya haki inayonunuliwa kwa pesa. Na kwenye jalada yule mwanamke wa haki amefungwa kamba, anavutwa aanguke, mizani imejaa dola. Kila mtu ameshatania kwamba albamu ya kulilia haki imemdhulumu mtu wake mwenyewe, utani umechakaa, lakini kila nikiliangalia jalada nausikia upya. Wimbo wenyewe? Mrefu mno. Mikato ya gitaa ni mizuri, kila mmoja peke yake ungetosha wimbo mzima, lakini wameipanga mmoja baada ya mwingine kama vile mmoja wao alikataa kufuta chochote. Walipouacha kuupiga majukwaani kwa miaka mingi sikushangaa. Nyota mbili kati ya tano, nilishaandika.

"Eye of the Beholder" ipite.

Halafu ikaja "One."

Sijui niseme nini kwa heshima. Askari kaamka hospitalini, mikono hana, miguu hana, haoni, hasikii, hasemi, na akili imebaki nzima ndani ya hilo pingiti. Kisa kimetoka kwenye riwaya ya Dalton Trumbo ya 1939, juu ya Vita Kuu ya Kwanza, na video yao ya kwanza kabisa waliitengeneza kwa wimbo huu, nyeusi na nyeupe, wakaweka humo vipande vya filamu aliyoiongoza Trumbo mwenyewe. Linaanza gitaa safi, la taratibu, karibu la kubembeleza, na Hetfield anaimba badala ya kubweka. Kisha polepole vitu vinakaza. Ile dramu ya mguu niliyoitukana pale juu, ile taipureta, inageuka bunduki. Inapiga kwa mafungu, magitaa yanaingia kwenye mafungu yale yale, na ukavu wake ndio unaofanya upate baridi mgongoni. Ingekuwa na unene wa kawaida isingeuma vile. Kirk Hammett anakuja na solo la vidole kwenye shingo ya gitaa, na mimi, mpiga besi wa kwaya, nimesimama katikati ya sebule nikiwa sijui nilisimama saa ngapi.

Nikafuta nyota mbili nikaweka nne.

Na hapa niseme kitu ambacho sikipendi. Huenda huo utupu unaufaa wimbo huu. Mtu aliyeondolewa kila kitu, muziki ulioondolewa sakafu. Nalisema kwa wimbo mmoja tu! Asije mtu akalichukua akalipeleka kwenye albamu nzima, maana mashabiki wengine ndivyo wanavyofanya, wanageuza uonevu wa chumba cha kuchanganya sauti kuwa falsafa.

(Kwa wasiojua: mwaka 1989 Grammy, zile tuzo kubwa za muziki za Marekani, walipoanzisha tuzo ya roki nzito na metali, Metallica waliupiga "One" pale pale ukumbini, kisha tuzo wakapewa Jethro Tull, wazee wa filimbi. Mwaka uliofuata wakapewa yao kwa wimbo huu huu. Hasira ya jambo hilo nimeshaimaliza. Nina nyingine.)

Sahani ya pili. "The Shortest Straw" inazungumzia watu walioorodheshwa na kunyimwa kazi Marekani kwa kushukiwa ukomunisti, na Trumbo mwenyewe alikuwa mmoja wao, alifungwa jela kwa kukataa kuwajibu wabunge. Metallica wameweka riwaya yake na masaibu yake kwenye albamu moja bila kupiga kelele kuhusu hilo, na nawapa sifa. Lakini sikiliza ule mwanzo, ule mkato unaorudi na kurudi. Kuna shimo chini yake la kupitisha lori! Mimi mwenyewe nimechukua gitaa langu nikapiga besi juu ya wimbo, nikaziba shimo, na ghafla ukawa wimbo mwingine, mpana, wenye miguu. Watu wamefanya hivyo mitandaoni, wamechanganya upya albamu nzima kwa besi, na zipo ambazo wengi wanazipenda kuliko hii halali. Watoto wa vyumbani wameweza, bendi yenye mali yote ile haikutaka.

"Harvester of Sorrow" ni zito na la taratibu, ni zuri, nalo ukitaka kulijua ulitafute kwenye lile kasha la matamasha walilolitoa 1993, onyesho la Seattle la 1989. Nenda pale. Hetfield bado ana sauti ya ujana, Newsted anapiga na kupiga kelele kwenye kipaza sauti, na besi, ndugu zangu, besi ipo! "Blackened" ya Seattle ndiyo "Blackened." Hata ule wimbo mrefu niliousema unapata pumzi. Kwa hiyo nyimbo hazina kosa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya kama zingekuwa mbaya. Nyimbo mbaya ningeziuza nikasahau.

Halafu sasa hivi, upande wa mwisho, imeanza "To Live Is to Die." Huu ni wa Cliff. Mikato aliyoiacha, maneno machache yaliyowekwa kwa jina lake, Hetfield anayasema hayaimbi, katikati ya wimbo ambao karibu wote ni vyombo vitupu. Unasikitisha kweli, magitaa yanalia. Na kwenye wimbo wa kumwaga machozi kwa mpiga besi, wameishusha besi. Kaburi la mpiga besi! Nani alikaa kwenye kiti pale studio akasikiliza hili akasema sawa, limekamilika?

Mbili na nusu. Nimeandika kwa wino.

Newsted alivumilia mpaka 2001 akaondoka zake. Kwenye albamu yao iliyofuata hii, ile nyeusi ya 1991, prodyuza Bob Rock alimpa nafasi na kila mtu akamsikia, sabufa za dunia nzima zikapata kazi. Kwa hiyo iliwezekana.

Ngoja, imeingia "Dyers Eve." Dakika tano za mwana anayewafokea wazazi wake kwa mwendo ambao bendi yenyewe haikuthubutu kuupiga jukwaani mpaka 2004. Lars hapa, nampenda nisimpende, miguu yake haifanani na ya binadamu. Shingo yangu imeanza. Iandikwe tatu na nusu, na niiache kalamu, maana wimbo huu ukifika mwisho nitaandika tano na kesho nitajichukia.