Tozo ya Foleni Stockholm: Kwa Nini Watu Waliikubali

Kati ya huduma za kutoza magari yanayoingia katikati ya jiji, ya Stockholm, mji mkuu wa Sweden, ndiyo tunayoipa alama za juu, hasa kwa jinsi ilivyoletwa kwa watu. Jiji lilitanguliza mabasi. Tangu Agosti 2005, kabla dereva yeyote hajatozwa hata krona moja, mabasi mapya 197 yalishaingizwa barabarani na njia mpya 16 kufunguliwa. Kamera za kutoza zikawashwa kwa majaribio 3 Januari 2006, zikazimwa 31 Julai. Magari yanayovuka mpaka wa eneo la tozo yalipungua kwa takriban asilimia 20, na tozo ilipositishwa mengi yakarudi. Kwa hiyo waliopiga kura ya kuamua hatima ya tozo Septemba mwaka huo walikuwa wameshaonja hali zote mbili. Kabla ya majaribio wengi waliipinga. Siku ya kura zaidi ya nusu ya wapiga kura wa jiji wakaikubali, na Agosti 2007 ikawa ya kudumu.

Malipo hayasumbui. Hakuna kizuizi wala kibanda: kamera hupiga picha namba za gari, mbele na nyuma, unapoingia na unapotoka, kisha mwenye gari hutumiwa bili moja ya mwezi. Ukichelewa kulipa unaongezewa krona 500. Bei hufuata saa. Katika msimu wa shughuli nyingi, kuvuka mara moja asubuhi au jioni foleni inapokolea ni krona 45, mchana krona 11, na kwa siku nzima haizidi 135. Usiku na wikiendi ni bure. London kiwango ni kimoja kwa siku, upite dakika tano au ushinde ukizunguka, na asiyejiandikisha kukatwa moja kwa moja akisahau hadi usiku wa manane wa siku ya tatu, anapigwa faini.

Kinachotuvutia zaidi ni kanuni ya Lidingö, kisiwa kilicho jirani na jiji. Barabara za kisiwa hicho kwenda bara zinapitia ndani ya eneo la tozo tu, kwa hiyo gari linalotoka au kwenda huko likipita kituo cha pili cha kamera ndani ya dakika 30 halitozwi. Bila hiyo, wakazi wangelipia kutoka majumbani mwao, na wapinzani wangepata hoja ya bure.

Kasoro ipo: wakazi wa manispaa jirani, wanaolipa kila siku, kura zao hazikuamua kitu, na manispaa nyingi zilizoitisha kura zao zilisema hapana.

Jiji linalotaka kununua mfumo huu liangalie pia Gothenburg. Nchi ni hiyohiyo na kamera za aina ileile, lakini tozo ilianza Januari 2013 bila majaribio. Mwaka 2014 asilimia 57 ya wapiga kura waliikataa, nayo ikabaki, kwa sababu fedha zake zilishapangiwa miradi mikubwa, ukiwemo wa handaki la reli.