Elfu thelathini kwa binti wa miaka 11: kipi cha kununua, kipi cha kuacha dukani

Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi soko la Mwanjelwa, Mbeya, halipitiki. Magauni ya neti yametundikwa kila penye msumari, na mwenye nia njema na elfu thelathini mfukoni huondoka nalo moja bila kuuliza mara mbili. Hapa tumezipima zawadi zinazonunuliwa sana kwa watoto wa kike wa miaka 10 hadi 12 wanaotoka kwenye nyumba zenye uhitaji, na kipimo chetu ni kimoja: baridi ya Juni ikifika, mtoto atakuwa bado anakitumia? Kwa Mbeya, Iringa, Njombe na Makete swali hilo linafuta nusu ya vilivyopo mezani.

Gauni la neti ndilo la kwanza kufutwa. Tatizo lake liko kiunoni. Pale sketi inapounganishwa na kifua kuna matabaka manne au matano ya neti na bitana, na zipu nyembamba ya mgongoni inapita juu yake. Kichwa cha zipu kinakwama hapohapo, mtoto anavuta, meno yanaachia. Geuza gauni ndani nje uone mishono: kitambaa kimekatwa karibu kabisa na uzi, hakuna akiba ya kupanulia. Mtoto wa umri huu huongezeka sentimita 5 hadi 7 kwa mwaka, kwa hiyo gauni lililomkaa sawasawa Desemba hii, Desemba ijayo ni la mdogo wake. Na linawasha shingoni. Kama lazima iwe nguo ya sikukuu, nunua kitenge umpe fundi, umwambie aache sentimita 2 za akiba kila ubavu na pindo la sentimita 7 chini, literemshwe mwakani. Ila kitambaa kimfikie kabla ya tarehe 10 Desemba. Baada ya hapo fundi atakubali tu ili asikupoteze, na nguo utaipata Januari.

Viatu vya shule ni zawadi nzuri na ya hatari, kwa sababu namba ikikosewa kazi imekwisha. Mwombe mlezi achore unyayo wa mtoto kwenye karatasi, jioni, mtoto akiwa amesimama. Pima kutoka kisigino hadi kidole kirefu, ongeza sentimita 1.5, zidisha kwa 1.5. Unyayo wa sentimita 22 unatoa 35.25, chukua 36 ili pabaki nafasi ya kukua. Soli iliyogandishwa kwa gundi peke yake haivuki Februari kwenye tope la huku, basi mpelekee fundi viatu aizungushie uzi vikiwa bado vipya. Kwa elfu thelathini, viatu vikiingia hakuna kingine kinachoingia, na ndiyo maana sisi hatukuvichagua.

Tulichochagua ni begi.

Begi la shule linabebwa kila siku, halishindwi na urefu wa mtoto, na ni vigumu mtu mwingine nyumbani kulifanya lake. Lakini ni bidhaa inayodanganya kuliko zote sokoni, kwa kuwa mnunuzi huangalia mbele, penye picha, na begi hufia nyuma. Ligeuze. Angalia pale mikanda ya mabega inapoingilia juu. Kwenye begi zuri, mkanda unashuka chini ya kipande kingine cha kitambaa kigumu na umeshonwa kwa mraba wenye msalaba ndani yake. Kwenye begi bovu, mkanda umechomekwa tu kwenye mshono mmoja wa kitambaa chepesi. Ukichanika unaondoka na kitambaa chenyewe, na fundi hana pa kushikiza sindano.

Halafu jaribu kwa uzito. Chupa mbili za maji za lita moja na nusu zinakupa kilo tatu, uzito unaokaribiana na wa madaftari ya siku nzima pamoja na kitabu au viwili. Ziweke ndani, shika mkanda mmoja, inua, tikisa mara tano. Ukisikia uzi unakatika, rudisha. Muuzaji akikukatalia kujaribu, hilo nalo ni jibu. Zipu ijaribu begi likiwa limejaa, maana begi tupu zipu yake haikosi kufunga: ipitishe kwenye kona mara kumi, na utazame kama nyuma ya kichwa cha zipu meno yanafumuka. Yakifumuka dukani, nyumbani hayatapona.

Upana wa mkanda begani usipungue vidole vitatu vya mtu mzima. Urefu wa begi, sentimita 40 hadi 42. Daftari kubwa lina karibu 30, hivyo panabaki nafasi ya sweta. Likiwa mgongoni mwa mtoto, kitako chake kisishuke chini ya kiuno. Rangi iwe bluu iliyoiva, nyeusi au damu ya mzee. Kuhusu picha za malkia wenye macho makubwa: msichana wa miaka 12 anayeingia kidato cha kwanza Januari hatalibeba, au atalibeba akiwa ameigeuzia picha mgongoni. Tena picha hizo ni plastiki iliyobandikwa. Ikikunjwa inapasuka na kubanduka kama ganda la kitunguu. Kama anaingia kidato cha kwanza, soma kwanza fomu yake ya kujiunga, kwani shule nyingine hutaja humo rangi ya begi.

Begi la kikomo cha shilingi 13,000 halitakuwa na kila kitu. Tenga 2,000 zaidi kwa fundi wa mabegi, tena tunaona hizi ndizo zinazofanya kazi kubwa kuliko zote kwenye bajeti nzima. Mpe vipande viwili vya jinzi kutoka suruali iliyochakaa, kila kimoja sentimita 8 kwa 8, avishone ndani pale mikanda inapoanzia, mraba na msalaba. Kisha chukua dumu la mafuta la lita 5 lililokwisha, lioshe kwa sabuni na maji ya moto, kata ubavu wake kwa kipimo cha kitako cha begi, zungusha pembe ziwe butu, uutandaze chini. Boksi watu huliweka pia, lakini mvua moja ya Uyole linakuwa uji. Plastiki ya dumu inazuia kitako kulegea, na madaftari hayaloi mtoto akiliweka begi chini penye unyevu. Kwa mvua ya juu, nailoni ya mezani inayouzwa kwa mita inatosha kufunikia madaftari ndani.

Cha pili ni sweta, na hapa mtumba unalipiga bao duka. Kikomo 4,000. Mlezi aulizwe kwanza: “Shikamoo bibi. Naomba kujua, sweta la shule la mjukuu wako ni la rangi gani, na lina mstari shingoni?” Sweta zuri la rangi isiyo ya shule litavaliwa Jumamosi na Jumapili tu, wakati baridi inayouma ni ile ya asubuhi njiani kwenda shule. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Njombe ni juu zaidi.

Wahi balo likifunguliwa asubuhi. Mchana rundo la “buku mbili mbili” limebaki na mikono iliyolegea. Lebo zenye 140, 146 au 152 ni za Ulaya na zinataja urefu wa mtoto kwa sentimita, si umri. Kwa binti wa sentimita 142 chukua 152, akunje mkono mara moja. Inua kiwiko kielekee jua: ukiona mwanga unapenya, weka chini. Vuta pindo la mkono na uliachie. Lisiporudi, uzi umekufa. Vinundu vya manyoya visikutishe, vinanyolewa kwa wembe. Soma lebo ya ndani pia. Ikisema “acrylic” ni afadhali kwa matumizi haya, kwa sababu linakauka haraka. La “wool” lina joto zaidi, lakini likifuliwa kwa maji ya moto linasinyaa likamfaa mtoto wa chekechea, na kwa mawingu ya Januari linaweza kukaa kambani siku mbili. Lifue mara mbili kabla ya kulifunga, harufu ya balo iishe. Zawadi isinuke dawa.

Cha tatu watu wanakionea haya. Wapo wasichana wanaovunja ungo wakiwa na miaka 10 au 11, na nyumba yenye uhitaji haina fungu la pedi. Kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike iliondolewa mwaka 2018, ikarudishwa mwaka uliofuata, kwa hiyo hakuna nafuu ya kuisubiri kutoka huko. Weka pakiti mbili za kawaida, kikomo 4,000, na chupi tatu mpya za pamba, 4,000. Wanaonunua pedi wakasahau chupi ni wengi, na pedi haina pa kushika bila chupi inayobana vizuri. Ziwe mpya za dukani. Nguo za ndani za mitumba zimepigwa marufuku na TBS, Shirika la Viwango Tanzania, hata kama zinatandazwa chini kwenye minada.

Vipi pedi za kufua? Ni nzuri kwa masharti. Seti ya pedi tatu haitoshi huku kwetu, kwa kuwa kwenye mvua za Novemba hadi Aprili iliyofuliwa asubuhi haina uhakika wa kukauka jioni. Zianzie sita. Tabaka la juu liwe pamba au flaneli ya rangi iliyoiva, ndani kuwe na kitambaa kisichopitisha maji, na mbawa zifungwe kwa vifungo vya kubana, si pini. Maelekezo yaende pamoja nazo kwa maandishi ya mkono: ziloweke kwenye maji ya baridi kwanza, kwani ya moto yanagandisha doa, zifuliwe kwa sabuni, zianikwe juani. Kosa linaloziharibu ni kuzificha chini ya godoro zikiwa mbichi kwa sababu ya aibu. Kama nyumbani hakuna kamba isiyoonwa na kila mpita njia, baki na za pakiti. Bajeti yako ikifika 45,000, ndipo uzifikirie.

Vilivyobaki sokoni havihitaji maneno mengi. Vibanio na mikufu ya nywele: shule nyingi za msingi za serikali zinataka nywele fupi, atavibania wapi? Mdoli atampa mdogo wake jioni ileile. Saa ya plastiki ikiisha betri, betri inakaribia bei ya saa. Taa ya sola inavutia, lakini zile za bei ya chini zina kioo kidogo kisichoshiba chaji kwenye mawingu ya Desemba, na taa nyumbani huwa si ya mtoto. Ni ya jikoni, kisha ya baba akienda kuangalia ng'ombe.

Hata hivyo usimpe begi, sweta na pedi peke yake. Huyo bado ni mtoto, na sikukuu ina haki yake. Shilingi 1,000 inanunua kamba ya kuruka. Chagua ya katani au pamba, mita 2.5 kwa anayeruka peke yake. Ya plastiki nyembamba inachapa miguu. Ongeza kopo dogo la mafuta ya mgando la 2,000, la kwake mwenyewe, maana kwa upepo wa huku midomo na visigino vinapasuka, na kopo la familia huisha kabla halijamfikia. Hesabu imesimama hivi: begi 13,000, fundi 2,000, sweta 4,000, pedi 4,000, chupi 4,000, mafuta 2,000, kamba 1,000. Hivyo ni vikomo vya kupatania, si bei zilizobandikwa. Muuzaji akianza na 20,000 kwa begi, hajamaliza kuongea. Nunua kati ya mwisho wa Novemba na tarehe 12 Desemba. Ukingoja baada ya Krismasi utayakuta mabegi yamepanda, wazazi wote wakiwa wanatafuta ya Januari.

Kufunga hakuna gharama, begi lenyewe ndilo kifungashio. Mifuko ya plastiki ya kubebea imekatazwa tangu Juni 1, 2019, na karatasi ya maua inayeyuka mvuani. Kwa walio Iringa, kikapu kidogo cha milulu kinapendeza kama fungu linaruhusu. Pedi na chupi zikunje ndani ya sweta, sweta liwe kitako cha begi, kamba na mafuta juu, ili mtoto akifungua mbele ya watu aanze kuona kamba. Mama au bibi yake aambiwe pembeni kilichoko chini. Beba na pakiti mbili za biskuti kwa wadogo zake, zigawiwe kabla begi halijatolewa.