Uzoefu wangu: gereji iliyoniambia mwenye baridi ni mimi, si pikipiki

Natoa nyota moja. Na hiyo moja si ya gereji, ni ya yule mama anayefagia pale, aliyenivutia kiti karibu na hita ya mafuta ya taa nilipokaa saa tatu nzima nikisubiri. Bila yeye ningeweka sifuri, kama sifuri ingekuwepo.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia katikati nitatukana.

Mimi ni mtu wa Tanga. Pikipiki nimeanza kuendesha kabla sijaota ndevu, kwenye mchanga na jua la utosini. Baridi kwangu ilikuwa ni kusahau koti siku ya kupanda Lushoto, basi. Kazi ya upimaji ndiyo iliyonileta Lesotho, upande wa Mokhotlong, kwenye mradi wa bwawa la Polihali. Nilijua nakuja kwenye milima, ila sikujua kwamba zaidi ya milima hakuna kitu kingine. Sehemu ya chini kabisa ya nchi hii iko kama mita 1,400 juu ya bahari. Yaani sakafu yao ndipo ilipo Arusha mjini. Kutoka hapo ni kupanda tu.

Nikanunua pikipiki iliyotumika, ile ya shambani ya cc 200, ya kabureta. Niliichagua kwa sababu aina ile naijua, naweza kuifungua gizani. (Kumbukeni maneno haya, yatanirudia.)

Shida ya huku ni hewa. Ukifika juu ya mita 3,000, hewa unayoipata ni kama theluthi mbili ya ile ya pwani. Wewe mwenyewe utahema ukipanda ngazi, lakini angalau mwili unajua kuna upungufu. Kabureta haijui. Yenyewe inamwaga petroli kana kwamba bado iko Pangani. Mafuta mengi, hewa kidogo: moshi mweusi, plagi inajaa masizi, nguvu zinakwisha katikati ya mlima. Pikipiki za injekta zina kifaa cha kupima hewa, zinajirekebisha zenyewe. Ya kabureta dawa yake ni kubadilisha jeti, kile kipande chenye tundu linalopitisha petroli, unaweka yenye tundu dogo, na sindano inayoziba tundu hilo unaishusha kidogo. Si uchawi. Kila fundi anayefanya kazi nchi hii anapaswa kulijua hilo kabla hajajua kushika spana.

Mimi sikuwa na jeti ndogo, na Mokhotlong sikuzipata. Wenzangu kazini wakanielekeza gereji moja Maseru, wakaisifia sana. Nikashuka nayo hadi Maseru, siku nzima barabarani kwa pikipiki ndogo, nikalala, asubuhi nikawa wa kwanza mlangoni.

Sasa hapa wanisikilize vizuri wale ambao hawajakaa Lesotho. Watu wa huku wana salamu. Ukiingia dukani huanzi na "nipe". Unaanza na "Lumela, ntate", yaani salamu, baba, au "Lumela, 'm'e" kama ni mama, unaulizwa hali, unajibu, ndipo mnaingia kwenye biashara. Hata polisi akikusimamisha barabarani atakusalimia kwanza, kisha ndiyo akutafutie kosa. Mimi niliyelelewa kwa shikamoo na marahaba nilijiona nimefika nyumbani. Kwa hiyo nikaingia pale, nikamsalimia kijana wa kaunta kwa Kisotho changu cha kuokoteza. Hakunyanyua uso kwenye simu. Nikarudia. Akasema, kwa Kiingereza, "Unataka nini?"

Ntate hakuna. Hata abuti, yaani kaka, hakuna. Nina umri wa kumzaa.

Nikameza. Nikamweleza kwamba pikipiki ikifika Mahlasela, kule juu milimani njia ya Mokhotlong, inakohoa, inatoa moshi, inakosa nguvu. Nataka jeti ndogo, oili nyepesi inayofaa baridi, na betri iangaliwe, kwa sababu baridi ya asubuhi inainyonya. Akanisikiliza huku anatabasamu, kisha akawageukia wenzake: "Hawa watu wa nchi za joto! Pikipiki haisikii baridi. Mwenye baridi ni wewe." Wakacheka wote, isipokuwa yule mama wa ufagio.

Kisha akatoka nje, akapiga kiki mara moja, pikipiki ikawaka, ikatulia, ikanguruma kama paka aliyeshiba. "Unaona?" Kijana, hapa Maseru ni mita 1,600! Hata mimi mwenyewe hapa sikohoi!

Walichukua pikipiki, wakaizungusha nyuma, saa tatu zikapita. Nikalipa maloti 1,450. Risiti iliandikwa "maandalizi ya mlima" na hakuna kingine. Nikaomba nioneshwe jeti ya zamani, maana fundi akibadilisha kifaa anakukabidhi kile cha zamani, ndivyo nilivyozoea kwetu hata kwa fundi wa chini ya mwembe. Akaniambia imeshatupwa.

Nikalala Butha-Buthe. Asubuhi ilikuwa baridi ya kuuma masikio, nikavuta choki, ile ya kuongeza petroli injini ikiwa baridi, ikawaka, nikaondoka. Moteng nikapanda kwa shida kidogo, nikajiambia ni mlima tu, kwani nani hahemi pale. Oxbow salama. Mahlasela ikaanza kukohoa. Tlaeeng, mita 3,251, ikafa.

Sijui niwaelezeje kile kimya. Injini ikizimika juu pale unagundua kwamba upepo ulikuwepo muda wote, wewe ndiye ulikuwa huusikii. Barabara ni ya lami, nzuri kweli, lakini kwenye kona zisizopata jua kulikuwa na utando wa barafu ambao huuoni mpaka umeukanyaga. Jua linaelekea kuzama. Nikavua glavu nitoe plagi, na ndani ya dakika mbili vidole vikawa si vyangu. Spana ya plagi nilikuwa naiona mkononi lakini siihisi. Ikaniponyoka mara tatu. Plagi ilipotoka ilikuwa nyeusi tii, imelowa petroli, kama kitako cha sufuria ya kuni. Nikaisugua kwa kitambaa, kitambaa kikawa cheusi, plagi ikabaki vilevile.

Nikapiga kiki mpaka goti likagoma.

Akatokea mchungaji na mbwa wawili. Kobo, blanketi lao la kujitanda, imemzunguka mpaka masikioni, gambuti, fimbo. Ilikuwa ndiyo baridi inaanza, wengine walikuwa bado hawajashusha mifugo yao. Mchungaji kwa Kisotho ni molisa, na mimi kila nikilisikia neno hilo nasikia mlishaji, basi nafsi inatulia kidogo, kana kwamba nimekutana na binamu. Alinisalimia. Yeye, mwenye ng'ombe wa kuhangaika nao na giza linaingia, alinisalimia kwanza, akaniuliza hali, akasubiri jibu. Ndipo akaitazama plagi mkononi mwangu, akaichukua, akaninyooshea mkono nimfuate.

Kibanda chake cha mawe kilikuwa karibu na barabara. Ndani kulikuwa na moto wa samadi kavu, moshi wa kukutoa machozi. Akaishika plagi kwa kipande cha waya, akaigeuza juu ya makaa taratibu kama anachoma mahindi, mpaka petroli ikaungua na masizi yakawa majivu. Akapuliza. Akanirudishia, bado ya moto, imefungwa kwenye pindo la kobo yake. Niliifunga ikiwa moto hivyohivyo, kiki ya pili ikawaka. Nikatoa pesa, akakataa. Nikampa glavu zangu za akiba, akazikubali. Nilishuka Mokhotlong kwa gia ya pili, polepole, nikiogopa hata kupunguza mafuta isije ikazima tena.

Kesho yake nikapiga simu gerejini. Nilikuwa nimejipanga kwa heshima. Nikaeleza. Sauti ileile: "Pikipiki ilitoka kwetu ikiwa inawaka." Akakata.

Hapo ndipo nilipoandika rasimu ya kwanza ya maoni haya. Ilikuwa na maneno ambayo mama yangu hajui kama nayajua. Namshukuru Mungu intaneti ya Mokhotlong siku hiyo ilikuwa mbovu.

Maana Jumamosi moja nilitulia, nikatandika gazeti jikoni, nikaifungua kabureta mwenyewe ili niipige picha ile jeti ya zamani waliyoniachia kwa ulaghai. Kitabu cha pikipiki kinasema jeti kuu ni namba 115. Nikaitoa, nikaisogeza kwenye taa, nikaisoma mara mbili. 105.

Namba ndogo, tundu dogo. Walibadilisha.

Sindano nayo ilikuwa imeshushwa. Oili, nilipoiangalia, ilikuwa mpya. Kazi ilifanyika, tena vizuri, na mtu ambaye hakunionesha uso, huko nyuma. Kwa hiyo masizi yalitoka wapi? Nikafuata kila kitu kimoja kimoja mpaka nikafika kwenye choki. Ilikuwa imekwama nusu. Kile kitufe cha kwenye usukani nilikirudisha asubuhi ile Butha-Buthe, nakumbuka, ila kwa glavu nene vile huwezi kuhisi kama waya umerudi kweli au kitufe tu ndicho kimerudi. Nilipanda Moteng, Mahlasela na Tlaeeng huku choki iko wazi nusu, nikiinywesha petroli kama mtoto wa kambo aliyelazimishwa uji. Mimi ninayeweza kuifungua gizani.

Basi nikasema, haki itendeke, nyota tatu. Pengine nne.

Nikaenda kulirudisha tangi, nikaona alama kwenye waya wa choki, pale tangi linapokalia: umebonyea, umebanwa. Ndiyo maana haukuwa unarudi. Na nani alitoa tangi? Wao walitoa, lazima, hufiki kwenye kabureta ile bila kulinyanyua. Nyota mbili. Lakini kusema kweli hata mimi nilikuwa nimelitoa siku chache kabla ya kwenda Maseru, nikitafuta kelele fulani. Kwa hiyo inawezekana ni wao, inawezekana ni mimi, na waya hausemi.

Nikawa tayari kuandika kwamba fundi wao ni mzuri, nendeni tu, mvumilie kaunta. Ila kila nikikaribia kuandika hivyo naisikia ile sauti. Mwenye baridi ni wewe. Kumbe nisingeomba kingine: angeniambia tu, "Ntate, tumeweka 105, choki yako nzito, iangalie kabla ya kupanda." Sentensi moja. Badala yake nikapewa risiti ya maneno matatu na kicheko. Yule wa kibandani hakujua Kiingereza hata neno moja na tulielewana mpaka kwenye plagi.

Kwa hiyo nyota moja inabaki, fundi wa nyuma anisamehe.

Waya mpya wa choki huku juu haupatikani. Nimeuliza kote, wanao haohao. Wiki ijayo nashuka Maseru. Nitaingia, nitavua helmeti, nitasema "Lumela, ntate" na nitasimama palepale kwenye kaunta mpaka aniitikie, hata kama ni mpaka wafunge. Mama wa ufagio nimemnunulia leso.