Gelatini ya kwenye sashe, cheti cha kwenye simu

Natengeneza gato nyumbani, Kampemba, hapa Lubumbashi: za harusi, za komunyo, za watoto waliomaliza shule. Mimi ni Msabato, nguruwe haingii kwangu, na wateja wangu wengi ni Waislamu. Kwa hiyo nikiingia duka la vitu vya patiserie, nasoma maandishi ya mfuko kwanza, bei baadaye. Duka ninalolizungumzia liko mwendo mfupi kutoka soko la komuni ya Kenya. Jina naliacha, maana nitarudi tena, na huyu kijana wa kaunta ananiita Mama kwa heshima kabisa.

Sifa zake nizitoe upesi. Vitu vimejaa: rangi, vanila, maji ya machungwa, gliserini, amelioranti ya mkate (unga wa kuboresha kinyunya), gelatini ya kugandisha. Bei ni nzuri kuliko mjini. Wana hata rangi nyekundu ya E120, ile inayotoka kwa wadudu waliokaushwa. Jirani yangu alicheka sana aliponiona nairudisha: yeye finkubala, wale viwavi, anakula sahani nzima.

Sasa shida. Namba za E, zile za viungo vya kuongeza kwenye chakula, hazikuambii kitu kimetoka wapi. E471, inayotiwa kwenye margarini na amelioranti, inaweza kutoka kwenye mawese au kwenye mafuta ya mnyama, namba ni ileile. Gliserini, E422, hivyo hivyo. Gelatini inachemshwa kutoka ngozi na mifupa, na Ulaya ngozi ya nguruwe inatumika sana. Ndiyo maana miaka hii nimezoea kutafuta alama ya kosher, yaani chakula kinachokubalika kwa sheria ya dini ya Wayahudi, ingawa sinagogi yetu ya zamani hapa Lubumbashi sijawahi kuingia. Bidhaa za Afrika Kusini zinazopita mpaka wa Kasumbalesa mara nyingi zina alama ya Beth Din, baraza la marabi, na pembeni neno Parev, yaani hamna nyama wala maziwa, au Milchik, yaani maziwa yamo. Za Marekani zina herufi U ndani ya duara, alama ya Orthodox Union, shirika la Wayahudi linalothibitisha kosher. Hao wanatuma mkaguzi kiwandani. Anauliza kila kiungo kimetoka wapi, mashine ilipika nini jana, hata lori la tangi lilibeba mafuta gani kabla ya haya. Alama hiyo iliwahi kuniokoa na krimu ya unga iliyoandikwa haina maziwa: kando ya U kulikuwa na D, herufi ya maziwa. Kusoma vizuri, kumbe ina kazeinati, na hiyo inatoka kwenye maziwa. Nilikuwa naitengenezea gato ya mtoto anayeumwa tumbo kwa maziwa!

Lakini duka hili linanunua gunia la kilo 25, linachota kwa kijiko, linafunga sashe za gramu 100 na kuzibana kwa pini. Alama inabaki kwenye gunia, nyuma ya pazia.

«Mama, hii ni kosher, patroni ana karatasi.»

«Basi niletee karatasi, mwanangu.»

Akaniletea simu. Cheti kilikuwa cha kweli kwa macho yangu, kina jina la kiwanda na sahihi ya rabi. Ila kilitaja gelatini ya samaki, na muda wake ulikwisha miezi minne iliyopita. Nikaomba kuona gunia. Gunia limeandikwa gelatini ya ng'ombe! Mimi ng'ombe nakula, sawa, lakini yule mama wa Kiislamu aliyeagiza gato ya ghorofa tatu atataka kujua ng'ombe huyo amechinjwa na nani. Vyeti hivi vinataja bidhaa moja moja, vina tarehe ya mwisho, na vingi vinasema wazi kwamba vinahusu mfuko uliofungwa wenye alama. Kijiko cha dukani hakimo.

Kuna na sashe nyingine, zilizochapwa herufi K peke yake. Kijana anaziuza kama kosher pia. Herufi K tupu haina mwenyewe kisheria, kiwanda chochote kinaweza kuiweka, na wako marabi wachache waliokubali hata gelatini ya nguruwe kwa hoja kwamba imebadilika isiwe chakula tena. Orthodox Union haikubali hoja hiyo. Mimi nani niikubali?

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Rangi (asiyekula wadudu aiache ile ya E120) na vanila nunueni hapo bila wasiwasi, zinakuja kwenye chupa zilizofungwa. Gelatini na amelioranti za sashe mimi sigusi. Nachangia na mama wengine wawili, tunanunua boksi zima lenye alama yake.

Juzi nimepita, nikakuta wamekata lebo ya gunia na kuibandika chini ya kioo cha kaunta, eti kwa ajili yangu. Nikashukuru. Kisha nikauliza ni ya gunia lipi, lile lililokwisha au hili jipya. Kijana akaenda nyuma kuangalia, nami nikalipa vanila yangu nikaondoka kabla hajarudi, taksibasi ilikuwa inajaa.