Kuchora na Inkscape na kukaguliwa na wasanii wenzangu hapa Kisumu

Kabla mtu aulize bei, Inkscape ni programu ya kuchora kwa kompyuta, ni ya bure kabisa, iko tangu 2003 na inaingia kwa Windows, Linux na Mac. Hapo sina mengi. Mimi nataka kuongea juu ya kupea wenzako kazi waikague, ju hapo ndio hii programu imenisaidia kuliko kitu kingine chochote.

Kisumu tuko wengi wa stika za matatu, tisheti na mabango, na tunatumiana kazi kwa WhatsApp. Sasa ukituma PNG, yaani picha ya kawaida tu, utapata nini? "Moto!" "Umeua bana!" na makofi, imeisha. Inafurahisha lakini haikupeleki popote. Tuma SVG yenyewe, yaani ile faili ya vekta ya Inkscape, itume kama dokumenti, ndio watu waanze kuongea, kwa sababu vekta ni mistari na nodi (vile vidoti vinavyoshikilia mistari) na hiyo picha unaona juu inaweza kuwa safi na huko ndani ni msitu.

Juzi nilikuwa nachora ndege anaitwa mdiria, yule wa rangi nyeusi na nyeupe anakaa kwa mafunjo pale Dunga, stika ya kubandikwa kwa boti. Nikawatumia faili. Jamaa mmoja anakata stika Kondele akafungua, akaweka ile hali ya kuona mistari pekee bila rangi (ni Ctrl+5, bonyeza tena na tena hadi ifike), akanirudishia skrinshoti ya bawa limezungushiwa nyekundu. Akasema nodi zimesongamana hapo mashine yake itakuwa inashtukashtuka na karatasi itararuka, alafu manyoya yamelaliana, kisu kitapita mahali pamoja mara mbili, kwa hivyo niyaunganishe yawe umbo moja. Na miguu nimeichora kwa mstari mnene tu, mashine haijui unene, yenyewe inafuata katikati ya mstari, lazima ugeuze huo mstari uwe umbo kwanza. Hayo yote hakuna mtu angeyaona kwa PNG, hata angekodoa macho aje.

Ctrl+L inapunguza nodi haraka lakini chunga, ukibonyeza ovyo mdomo wa ndege unakuwa mviringo kama kijiko. Mimi natumia kwa mwili, mdomo natoa nodi moja moja kwa mkono.

Mwingine yeye hata si wa kompyuta sana, amekulia kando ya ziwa, akauliza tu huyu ni dume ama jike? Ju dume ako na mikanda miwili nyeusi kifuani na jike ni mmoja. Wangu alikuwa na mmoja, na mwenye boti alikuwa anataka dume. Ushauri kama huo unalipia chai.

Si kila kitu nakubali lakini. Kuna mmoja kila kazi anataka uongeze kivuli na rangi inayofifia, hata ukimwambia hii ni stika ya rangi moja. Huyo nasoma, nasema asante, naendelea.

Kitu kingine, kama kuna maandishi geuza yawe maumbo kabla ya kutuma, la sivyo mwenzako asipokuwa na fonti yako ataona ingine tofauti kabisa na ataanza kukosoa herufi ambazo hukuchagua. Ila baki na nakala yenye maandishi ya kawaida, ukishageuza huwezi tena kusahihisha spelingi kwa kuandika.

Shida inabaki kwa wale wako na simu pekee, simu nyingi SVG haifunguki vizuri. Hao nawatumia PNG mbili, moja ya kawaida na ingine ya mistari mitupu, na hiyo ya pili ndio huwa inaleta maswali ya maana.