Sunny wa Aba Barazani Mikindani: Uhakiki wa Akata Witch

Kitabu hiki kilinifikia Mikindani kwa basi kutoka Dar es Salaam, kwa kuwa katika maduka niliyoyapitia Mtwara mjini nilikuta vitabu vya kiada na madaftari tu. Akata Witch, riwaya ya Nnedi Okorafor iliyochapishwa mwaka 2011, imeandikwa kwa Kiingereza, hivyo niliwasomea watoto wawili wa kaka yangu, wa miaka 9 na 12, huku nikitafsiri papo hapo barazani.

Sunny ni msichana wa miaka 12, mzaliwa wa New York na binti wa wazazi Waigbo, anayeishi Aba, Nigeria, na ana ualbino. Mwanzoni mwa hadithi anauona mwisho wa dunia ndani ya mwali wa mshumaa, akauinamia hadi nywele zake zikashika moto. Usiku tulioanza kusoma umeme ulikatika, nikawasha mshumaa ili tuendelee, na yule mdogo, bila kusema neno, akausogeza mbali na kichwa cha dada yake.

Tabu ya kwanza ilikuwa ya lugha, kwa kuwa witch, neno la jina la kitabu, kwa Kiswahili ni mchawi. Mchawi kwetu ni mtu anayeroga, wala neno lenyewe halina upande mzuri. Nilipomwita Sunny mchawi, mkubwa aliuliza, "Shangazi, sasa mbona tunamwonea huruma?" Nikajaribu kusema mganga, wakacheka, kwa maana walimwona mzee mwenye tunguri. Mwishowe tulimwita Chui, kwa kuwa ndivyo wenye nguvu za ajabu kama yeye wanavyojulikana kitabuni, ilhali sisi wengine tunaitwa Wanakondoo, jina ambalo halikuwafurahisha hata kidogo.

Uwezo wa Sunny unatokana na kilekile anachochekewa shuleni: kwa sababu ya ualbino wake anaweza kutoweka machoni pa watu na kupita katika ulimwengu wa roho. Nilisita sana mahali hapa. Katika nchi ambayo watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo na wanaoamini kwamba viungo hivyo huleta utajiri, kumwambia mtoto kwamba ualbino una nguvu ya ajabu kunaweza kuonekana kama kuchochea moto uleule. Nilipoendelea kusoma niliridhika, kwa sababu nguvu ya Sunny ni ya Sunny mwenyewe. Anajifunza kuitumia kwa jasho, anakosea, anaadhibiwa, na hakuna anayeweza kuichukua na kuitia kwenye hirizi. Rafiki yake Orlu naye, ambaye herufi humvuruga anaposoma, ndiye mwenye kipaji cha kutengua uganga wa wengine.

Watoto wangu walivutiwa zaidi na uso wa roho, ambao kila Chui anao na huona aibu kuuonyesha kama anayevuliwa nguo hadharani. Mdogo, ambaye amewahi kuona lipiko, yaani mchezaji aliyevaa kinyago, likicheza kwenye ngoma ya Wamakonde, aliniuliza kama naye aliye ndani ya kinyago huona aibu akitambuliwa. Nilimjibu kwamba hayo si ya kuuliza, jibu ambalo hata mimi nilipewa utotoni. Walipenda pia chittim, vipande vya madini vinavyodondoka kutoka hewani kila Chui anapojifunza jambo jipya na ambavyo ndivyo fedha yao, na kwa wiki nzima kila hesabu iliyopatikana ilidaiwa malipo.

Kasoro zipo. Adui wa hadithi, Otokoto, huteka na kuua watoto, na kurasa kadhaa zinazomhusu nilizipita kimyakimya, kwa kuwa habari za namna hiyo hapa kwetu tunazisikia redioni. Pambano la mwisho limeharakishwa mno kwa kitabu kilichochukua muda wote ule kutuandaa, na wazee wanaowatuma watoto wanne wakapambane na muuaji hawahojiwi ipasavyo.

Ningeshauri mzazi akisome kwanza peke yake, kisha awasomee watoto kuanzia miaka 10. Juzuu ya pili, iliyotoka mwaka 2017, nimekwisha kuiagiza. Mkubwa, ambaye aligundua kwamba nambari za kurasa zilikuwa zikiruka, amesema safari hii atakaa upande wangu wa kitabu.