Uzoefu wangu: somo la kwanza la urubani katika uwanja wa Goodwood

Mwezi wa Juni nilipata somo langu la kwanza la urubani katika uwanja wa Goodwood, karibu na mji wa Chichester kusini mwa Uingereza. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mahali hapa paliitwa Westhampnett, na kuanzia mwaka 1940 palikuwa kituo kidogo cha ndege za kivita chini ya kituo kikubwa cha Tangmere. Ni hapa alipoondokea Douglas Bader, rubani aliyepoteza miguu yote miwili katika ajali ya mwaka 1931, siku ya tarehe 9 Agosti 1941, katika safari iliyoishia kwa yeye kutekwa na Wajerumani nchini Ufaransa.

Kilichonigusa kuliko vyote ni ardhi yenyewe. Tuliruka kutoka kwenye nyasi, kama walivyoruka marubani wa Hurricane na Spitfire, ndege za kivita za Uingereza za wakati ule, na ile barabara iliyouzunguka uwanja, ambayo zamani ilitumiwa na ndege kufika kwenye maegesho yake, ndiyo iliyogeuzwa kuwa njia ya mashindano ya magari mwaka 1948. Nilikuwa nimeyasoma hayo nyumbani, lakini sikuyaelewa mpaka nilipoyatazama kutoka juu: mzingo wa lami, ndani yake eneo la kijani dogo kuliko nilivyodhani, na bahari, ambayo adui alikuwa akitokea ng'ambo yake, iko mwendo wa dakika chache tu kwa ndege.

Mwalimu wangu hakuwa na haraka. Kabla ya kuwasha injini alinizungusha ndege nzima, tukakagua mafuta, mabawa na pangaboi, kisha juu ya ghuba ya Chichester akaniachia usukani, huku kisiwa cha Wight kikionekana mbele yetu. Mikono yangu ilikuwa imeukaza mno. Akanielekeza niushike kwa vidole, na papo hapo ndege ikatulia. Somo hili si matembezi tu, kwani muda wake huhesabiwa katika saa 45 ambazo ni kima cha chini cha kupata leseni ya rubani binafsi.

Kwa atakayekwenda, nashauri achague asubuhi, apige simu kabla ya kuondoka nyumbani, na asiweke shughuli nyingine siku hiyo. Miadi yangu ya kwanza iliahirishwa kwa sababu ya mawingu ya chini, na nilishukuru kwamba uamuzi huo ulifanywa bila kusitasita.